Pumzi ya Wasafiri wa Anga



Mwezi Aprili 1970, Wamarekani watatu waliokuwa njiani kwenda mwezini katika chombo cha Apollo 13 walipasukiwa na tangi la oksijeni. Wakakimbilia chombo kidogo cha kutua mwezini, kilichoundwa kwa watu wawili. Humo oksijeni ilitosha. Kilichowatishia maisha ni pumzi yao wenyewe, kwani hewa ya ukaa ilizidi uwezo wa makopo ya dawa ya kuinyonya. Makopo ya akiba yalikuwa ya mraba na matundu yalikuwa ya duara! Ikabidi yaunganishwe kwa mifuko ya plastiki, makaratasi magumu na utepe wa gundi, nao wakarudi salama.

Ikumbukwe kwamba dawa ile hunyonya tu, hairudishi kitu. Hali karibu robo tatu ya uzito wa hewa ya ukaa ni oksijeni. Mtu mmoja huhitaji takriban gramu 840 za oksijeni kwa siku, na safari ya Mirihi, kwenda na kurudi, ni ya miaka miwili au mitatu, bila bohari njiani.

Ufumbuzi mmoja ulitokana na Mfaransa Paul Sabatier, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1912. Hewa ya ukaa ikikutanishwa na haidrojeni penye joto na madini ya kuchochea, huzaa maji na gesi ya methani. Maji hayo huvunjwa kwa umeme, oksijeni ikapatikana. Mashine ya namna hiyo ilipelekwa katika Kituo cha Kimataifa cha Anga mwaka 2010. Nyingine, ya Ulaya, ikafuata mwaka 2018.

Tatizo ni hesabu. Chembe moja ya hewa ya ukaa hudai chembe nne za haidrojeni, na maji yanayovunjwa ili mtu apumue hutoa mbili tu. Methani nayo hutupwa nje pamoja na haidrojeni yake. Kwa hiyo ni nusu tu ya hewa ya ukaa inayookolewa, na maji hayana budi kuletwa kutoka duniani.

Huko Mirihi, ambako hewa ni ya ukaa kwa asilimia 95, kifaa kiitwacho MOXIE kilijaribu njia isiyohitaji haidrojeni: umeme na joto la nyuzi 800. Kati ya mwaka 2021 na 2023 kilifanya kazi mara 16, kikatoa gramu 122 za oksijeni. Mtu mmoja angezimaliza kabla ya saa nne kwisha.