Bei Kwanza, Mkopo Baadaye: Biashara Ndogo katika Ukanda wa Dhahabu wa Geita na Shinyanga

Biashara ndogo za ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu na Rwamgasa, zinaishi kwa duara, yaani shimo la uchimbaji. Mwenye duara hugharamia matimba (miti ya kuegemeza shimo), chakula na dizeli ya pampu. Wachimbaji hulipwa kwa mgawo wa mifuko ya mawe. Mwenye karasha, mashine ya kusagia, husaga mawe hayo, na wengine huosha unga wake mwaloni. Nyuma yao wapo mafundi wa kuchomelea, wauza kamba na tochi, bodaboda na mama ntilie.

Linalohitaji jibu ni dai kwamba shughuli hizi ni za kuponea tu, kwamba fedha yake huishia kwenye pombe, na kwamba nguvu ya umma ielekezwe kwa mwekezaji mkubwa, ambaye ajira zake zitawafikia wadogo. Hakuna anayebisha kwamba mgodi mkubwa wa Geita, unaozalisha dhahabu tangu 2000, hulipa kodi nzito. Lakini mgodi wa aina hiyo huchimba kwa mitambo, na vipuri vyake havitoki Katoro, wilayani Geita. Mgodi wa Mwadui, Shinyanga, umetoa almasi tangu 1940, na muda mwingi wa miaka hiyo nyumba, hospitali na uwanja wa ndege vilibaki ndani ya uzio wa kampuni. Katoro haikuwa na uzio wala kampuni, ikakua kuwa mji wa biashara. Mgodi wa dhahabu wa Buzwagi, jirani na Kahama, ulipofungwa 2021, Kahama haikufa: mchele, maduka na karakana vilikuwapo kabla ya mgodi, vikaendelea baada yake. Ni vigumu kuona mtetezi wa dai hilo anavyoieleza Kahama.

Kuhusu pombe, ushahidi bora kuliko hojaji yoyote ni daftari la mkopo la mama ntilie. Mwandishi wa mhadhara huu aliwahi kuketi mchana mzima kando ya makarasha ya Rwamgasa na kuruhusiwa kulisoma moja: kauntabuku yenye jalada gumu, kona zake zimelowa mafuta. Kila duara lina ukurasa wake. Majina ni ya utani, kwa kuwa ndiyo yanayojulikana shimoni. Sahani za ugali na dagaa huhesabiwa kwa vijiti, na siku ya mgawo ukurasa mzima hukatwa kwa kalamu nyekundu. Palipoandikwa "amehama", deni halikufutwa. Mara kadhaa limefuatwa hadi kwenye duara jipya na kulipwa huko. Kurasa za nyuma zina manunuzi: mchele wa Kahama, dagaa wa ziwani, mkaa, maharage. Fedha inayodaiwa kupotea kwenye pombe inaonekana humo ikienda kwa mkulima na mvuvi.

Daftari hilo linaonyesha pia kwa nini mikopo mingi hushindwa. Duara huweza kukaa miezi bila kutoa kitu, ilhali mkopeshaji anataka rejesho kila wiki. Ndipo kausha damu, mikopo ya riba kubwa, inapoingia. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, ni msaada wa kweli kwa kuwa haina riba. Hata hivyo, tarehe za marejesho zingefuata mgawo, kama zinavyofuata kwa mama ntilie, madeni mengi yangelipika.

Lakini mkopo wa aina yoyote hauwezi kushinda bei mbaya. Kabla ya 2019 dalali ndiye aliyepima na ndiye aliyepanga bei. Mwaka huo VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 ziliondolewa kwa wachimbaji wadogo, na masoko ya madini yakaanzishwa, la Geita likiwa miongoni mwa ya kwanza. Dhahabu ikapimwa hadharani na kuuzwa kwa bei inayofuata soko la dunia. Mwenye duara anayelipwa haki hulipa karasha na chakula kwa wakati, na mnyororo wote hupumua.

Uendelevu nao unafuata njia hiyo hiyo ya bei na kipato. Zebaki, ambayo wachimbaji wadogo huitumia kukamata dhahabu, mara nyingi haikamati hata nusu ya iliyomo, hivyo marudio, yaani mchanga uliobaki, huuzwa kwa bei ndogo kwa wenye mitambo ya sianidi, ambao huvuna kilichobaki. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki 2020, lakini marufuku peke yake haitamwachisha mtu zebaki. Kituo cha mfano cha Shirika la Madini la Taifa (STAMICO) cha Rwamgasa, kinachochenjua bila zebaki, kinampa mchimbaji sababu ya kuiacha, kwa kuwa anapata dhahabu zaidi kutoka mawe yale yale. Matimba nayo yanamaliza miti, na hapa Shinyanga ina ujuzi wake: mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986, ulifufua ngitili za Wasukuma, yaani maeneo ya malisho yanayotengwa, na kurudisha miti kwenye ardhi iliyokuwa tupu. Vikundi vinavyopanda miti ya matimba kuzunguka machimbo vinastahili mkopo wa miaka, si wa wiki, na mnunuzi wao yuko pale pale shimoni.