Chai Baridi ya Matunda, Bila Sukari ya Dukani

Hiki ni kipindi chetu cha afya ya jamii kutoka hapa Lokitaung. Leo hatutazungumza juu ya sindano wala vyandarua. Leo tuna chai.

Najua unashangaa. Jua la huku linachemsha maji ya mtungi saa nne asubuhi, na muuguzi anakuja kukuambia habari za chai! Lakini ngoja kidogo.

Siku moja mama alinifikia na mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu. Nilipomfungua viganja vilikuwa vyeupe, na utepe wa mkono ukasoma manjano. Nikamuuliza mama mtoto anakula nini. Akajibu kwa furaha, "Huyu hanisumbui, sista. Anakunywa chai vizuri sana." Ilikuwa chai ya rangi, strungi kama tunavyoiita, yenye sukari nyingi, ndani ya chupa ya kunyonyea, asubuhi, mchana na jioni. Mama huyo hakuwa mzembe. Maziwa yalikuwa yameisha kwa sababu mbuzi walikuwa wamehamishwa mbali, na chai ndiyo iliyokuwepo. Lakini tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake. Likijaa chai, uji hauna pa kuingia. Tena majani ya chai yana kitu kinachoshika madini ya chuma yaliyomo katika chakula, mwili usiyapate. Damu inapungua polepole, na mama anaona mtoto ametulia tu.

Kwa hiyo kabla ya kupika chochote, tuelewane. Mtoto chini ya miezi 6 ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana. Kuanzia miezi 6 mpaka miaka 2, anyonye, ale, anywe maji safi, lakini majani ya chai asionje. Aliyevuka miaka 2 nitampa kinywaji cha leo, ila chungu chake hakitiwi majani. Nawe mjamzito unayemeza vidonge vya kuongeza damu, usivimeze na chai. Meza na maji, chai isubiri saa moja au mbili baada ya chakula.

Sasa sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba afadhali mtu mzima asizidishe gramu 25 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, yaani kama vijiko 6 vya chai. Hesabu na mimi. Ukitia vijiko vitatu katika kikombe, na ukanywa vikombe vinne, umefika 12. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina kama vijiko 8. Na ile pesa ya sukari ungeweza kununulia maharagwe.

Utamu tunao hapa hapa. Eng'ol, makoma ya mikoma iliyoko kando ya laga na kwenye chemchemi za ufukwe wa ziwa, watoto wanayatafuna njiani kwa sababu ni matamu. Bibi zetu waliyatwanga na kuyachanganya na maziwa. Kuna ekalale, kuna edome. Kuna epeduru, ukwaju, ambao ni mchachu. Embe na ndimu hupatikana sokoni Lodwar lori likifika, na tende utazikuta madukani Lodwar na Kakuma. Nikiwa Kakuma nimeona pia akina mama kutoka Sudan wakichemsha karkade, yale maua mekundu makavu, na kuyanywa baridi. Ni mazuri, nayo hayana kafeini, ila wao pia huyajaza sukari! Kila mahali ni yale yale.

Hebu tupike. Chukua maji lita moja, vikombe vinne vikubwa, yachemke kabisa mpaka yatokote. Epua. Tia kijiko kimoja cha chai cha majani, kilichosawazishwa, funika, hesabu dakika tano, chuja. Usiyaache majani humo mpaka jioni, chai itakuwa chungu na utarudi kutafuta sukari.

Pembeni, twanga nyama ya nje ya eng'ol ikauke kama unga, pepeta, chukua nusu kikombe, mimina juu yake maji yaliyochemka kikombe kimoja. Iache mpaka ipoe, kisha chuja kwa kitambaa safi. Maji yatatoka ya kahawia na matamu. Kama huna eng'ol, toa mbegu za tende 6, ziloweke katika maji moto mpaka zilainike, uziponde kwa kijiko. Au ponda embe moja bivu. Changanya na chai. Ukitaka uchachu kamulia ndimu, au tia ukwaju kiasi cha yai la kuku, uliolowekwa, ukafikichwa na kuchujwa. Onja. Siku za kwanza utaona utamu ni mdogo. Ulimi umezoea mengine, na baada ya wiki mbili hivi utazoea haya.

Niseme ukweli, maana wapo wanaofikiri kitu cha asili hakina sukari. Tende ina sukari. Asali ni sukari pia, na mtoto chini ya mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa kulegea mwili. Mwenye kisukari anywe kikombe kimoja tu, tena kidogo, na aulize kliniki yake. Faida ya tunda lililopondwa ni kwamba nyuzi zake zinabaki, na huwezi kuzidisha kirahisi kama unavyozidisha kijiko.

Kupoza sasa, kwa sisi tusio na friji. Weka chai katika mtungi wa udongo uliofunikwa, kivulini, mahali pa upepo. Au tia katika chupa safi yenye kifuniko, ifunge gunia lililoloweshwa, ining'inize chini ya mti. Upepo ukikausha gunia, chupa inapoa. Lilowanishe tena. Barafu ya dukani usiitie ndani ya kikombe. Hujui maji yake yalitoka wapi, na kipindupindu kimetutembelea huku zaidi ya mara moja. Ukiinunua, iweke nje ya chupa. Vilevile kinywaji chenye ukwaju au ndimu usikilaze kwenye sufuria ya alumini, wala kwenye mtungi wa plastiki uliobeba rangi au dawa ya mifugo. Uchachu unavuta vitu visivyofaa.

Kinywe siku hiyo hiyo. Kwa joto letu, kesho kitatoa povu. Hicho mwaga, hata kama mzee wa boma anasema sasa ndiyo kimeiva.

Na mtoto akiharisha, chai hii si dawa, wala soda si dawa. Mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, pamoja na vidonge vya zinki siku 10 hadi 14, na mlete. Ukiwa mbali na huna pakiti, lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Hapo sukari ina kazi yake, usimnyime.

Yule mtoto wa strungi? Alianza kupewa chakula cha lishe, mama akaiacha chupa ya kunyonyea. Ilichukua miezi. Juzi alikuja kliniki akiwa ameshika ekalale mkononi, akanipa moja iliyokwisha kutafunwa upande.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya meno ya watoto yanayogeuka kahawia, na maji ya visima vyetu. Kwaherini.