Muuguzi ni Mgeni Wetu: Tumpe Pa Kukaa

Leo twataka kunena nanyi juu ya jambo liwagusalo watu wote wa Singida, tangu Iramba na Mkalama hata Manyoni, nalo ni uchache wa wauguzi na matabibu katika zahanati zetu.

Kujenga twajua. Mwaka 2007 Serikali ilitoa mpango kwamba kila kijiji kiwe na zahanati, na kila kata iwe na kituo cha afya. Watu wakafyatua matofali, wakasomba mchanga na maji, na kuta zikasimama mahali pengi. Lakini ukuta haupigi sindano, wala bati halizalishi mama. Kazi hiyo yataka mtu aliyefundishwa.

Basi tuhesabu. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilisema ya kuwa nchi yenye waganga, wauguzi na wakunga wasiofika 23 kwa watu 10,000 ni shida kwake kuwatunza vema mama wazaao na watoto. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Singida ina watu 2,008,058. Kwa kipimo hicho, mkoa wetu wahitaji watumishi hao zaidi ya 4,500. Na mwaka 2016 kipimo chenyewe kilipandishwa karibu mara mbili.

Tazameni kazi ya muuguzi aliye peke yake. Asubuhi hupima watoto na kuwachanja. Kisha hutazama wenye homa, hutoa dawa, na kuandika daftari. Usiku hugongewa mlango kwa ajili ya mama mwenye uchungu. Akienda mjini kuchukua dawa, zahanati imefungwa. Na mama atokwaye na damu nyingi baada ya kuzaa aweza kufa kwa saa chache tu.

Mbona basi wauguzi hawakai? Si kwa ubaya wa moyo. Nyumba hakuna, maji ya kiangazi yako mbali, na usiku hutembea peke yake. Wahenga walisema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni asiyepewa pa kulala atatuponyaje?

Kuajiri na kulipa mishahara ni juu ya Serikali, nasi hatuachi kuikumbusha. Lakini yako mambo matatu yaliyo juu yetu. Kwanza, kijiji kijengapo zahanati, kijenge na nyumba ya muuguzi, yenye tangi la kukinga maji ya mvua. Pili, apewe shamba dogo, mtu wa kumsindikiza usiku, na heshima. Amtukanaye kwa dawa zisizokuwapo amfukuza pasipo kujua.

Tatu, na ndilo kubwa, tusomeshe watoto wetu wenyewe. Shauri hili si geni. Tangu mwaka 1926 serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilichukua vijana wa makabila, ikawafundisha kufunga vidonda na kutoa dawa, ikawarudisha kwao. Mafunzo yao yalikuwa mafupi mno, lakini walitibu watu wa lugha yao. Na mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilishauri vyuo vichague wanafunzi waliokulia shamba, kwa kuwa hao ndio wapendao zaidi kurudi kufanya kazi huko.

Walimu, msiwaache wasichana wala wavulana waiogope Kemia, Biolojia na Fizikia, maana pasipo masomo hayo mlango wa chuo cha uuguzi haufunguki, hata cha hapa Kiomboi. Wazee, msiwaoze binti zenu kabla hawajamaliza shule.

Mtoto aanzaye Kidato cha Kwanza mwaka huu, akisoma miaka minne shuleni na mitatu chuoni, atashika kazi baada ya miaka saba. Muda huo ni mrefu. Kwa hiyo tusiongeze mwaka wa nane kwa uvivu wetu.