Fishi za meno na vita

Mapigano ya mashariki mwa Kongo yalipofika Masisi-Centre Januari 2025, kisha Walikale-Centre Machi, wengi waliokimbia waliacha nyuma hata fishi zao za matibabu. Anayeng'olewa jino ugenini hutegemea kumbukumbu yake tu: je, penisilini humvimbisha uso? Damu yake hukatika upesi? Mfumo wa takwimu za afya wa DHIS2 unaotumiwa nchini hupokea hasa jumla za wagonjwa, si historia ya mmoja mmoja.

Historia hiyo ingeweza kutunzwa kwenye kompyuta, ila husemwa kwamba madaktari wa meno hawaipendi. Sidhani. Anayenakili jina lilelile kwenye rejista, fishi na ripoti angefurahi kuliandika mara moja. Hofu yake ni umeme, na ni hofu ya haki. Lakini kule Eldoret, Kenya, OpenMRS, mfumo wa kompyuta wa rekodi za wagonjwa, ilipoanza mwaka 2006, madaktari walijaza karatasi na makarani wakaziingiza kwenye kompyuta baadaye. Hoja nzito zaidi ni usalama: majina ya wagonjwa yakiangukia wenye bunduki, ni balaa. Ila kabati lisilo na kufuli halifichi kitu, ilhali kompyuta huweza kufungwa kwa nywila na nakala ikahifadhiwa mbali. Tena fishi ya meno haina haja ya kabila wala kijiji; namba ya mgonjwa, jino lililotibiwa na dawa iliyomdhuru vinatosha.