Njia ya Kilwa na Vita vya Pwani

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kibiti)



Vijana wa Kidato cha Nne wameniletea swali. Wamesoma kwamba huko Marekani ugomvi juu ya utumwa uliigawa nchi, hata watu wakapigana wenyewe kwa wenyewe kutoka 1861 mpaka 1865. Wanauliza, je, kwetu hapakuwa na ugomvi wa namna hiyo? Jawabu langu ni kwamba ulikuwapo, na sehemu yake kubwa ilipita kwa miguu katika ukanda wetu huu.

Kabla ya kufika huko, niseme neno juu ya nguo ya merikani, ambayo bibi zetu waliijua vizuri. Wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, ndio walioileta Unguja, na pamba yake ililimwa na watumwa wa kusini mwa Marekani. Ikifika huku hupelekwa bara kununulia pembe za ndovu na watu. Kwa hiyo mtumwa wa kule alivuna pamba iliyomnunua mtumwa wa huku, wala hawakujuana. Vita vyao vilipoanza merikani iliadimika, na nguo za Bombay zikashika nafasi yake.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika. Bei ya karafuu ikapanda, na kila mwenye shamba Pemba akataka mikono ya kulima. Wakati huo huo Waingereza walikuwa wakimbana Sultani Barghash, nao walimtishia kuzingira kisiwa kwa manowari. Tarehe 5 Juni 1873 akatia sahihi mkataba: kusafirisha watumwa baharini ni marufuku, na soko la watumwa la Unguja lifungwe. Bahari ikafungwa, lakini mahitaji ya mashamba hayakufungwa.

Wafanyabiashara wa Kilwa walifanya nini? Waligeukia nchi kavu. Misafara iliyotoka Ziwa Nyasa ilizoea kuishia Kilwa Kivinje na kupakiwa majahazini. Sasa ikaendelea kaskazini kwa miguu, ikavuka mto Rufiji, ikaenda hadi Pangani, na kutoka huko watu wakavushwa kwa siri usiku kwenda Pemba. Mwingereza mmoja, Frederic Elton, alitembea kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa mwishoni mwa 1873. Katika muda wa mwezi mmoja aliandika hesabu ya watumwa 4,096 waliopitishwa njia hiyo. Ni kama watu 130 kila siku. Vijana, chukueni mikondo mitatu ya kidato kizima, iwekeni barabarani asubuhi, kesho yake mikondo mingine mitatu, na hivyo hivyo mpaka mwezi uishe. Sheria iliyokusudiwa kuwasaidia watu hao iliwaongezea mwendo wa mamia ya maili.

Mwaka 1876 Barghash akapiga marufuku misafara ya nchi kavu pia. Hapo ndipo ufa ulipoonekana wazi. Watu wa Kilwa walichachamaa, hata ikabidi manowari ya Kiingereza ipelekwe huko. Matajiri wa mrima wakaanza kumwona Sultani kuwa ni mtu wa Balozi Kirk, si mtu wao tena. Nao watumwa hawakukaa kusubiri wakubwa wamalize kugombana. Wengi walitoroka, wakaanzisha vijiji vyao vya watoro au wakakimbilia kwa wamisionari.

Basi Aprili 1888 Sultani Khalifa alipowakodisha Wajerumani pwani, aliwakodisha nchi ambayo nusu yake ilikuwa imekwisha kumchoka. Mwezi Agosti Pangani ikawaka, na Septemba Wajerumani wawili wakauawa Kilwa. Huko Berlin, Bismarck aliliambia bunge kwamba hivi ni vita vya kukomesha biashara ya watumwa, na Januari 1889 likampa maki milioni 2.

Wapo wanaosema Abushiri bin Salim alipigania utumwa tu, na wapo wanaomfanya mkombozi asiye na doa. Mimi siwafuati wote wawili. Abushiri alikuwa na shamba la miwa na watumwa wa kulilima, hilo halifichiki. Lakini katika umati uliowafukuza Wajerumani walikuwamo pia wapagazi, watu wa bara, na watumwa wenyewe, ambao hawakuwa na shamba la mtu la kulilinda. Wao walikuwa na madai yao, nayo hayakuandikwa katika mkataba wowote. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Kilwa ikatekwa mwaka uliofuata.

Hapa ndipo tunapoachana na Marekani. Kule aliyeshinda alifuta utumwa mwaka 1865. Huku aliyeshinda, yule aliyeomba fedha bungeni kwa jina la watumwa, hakuufuta. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilitoa amri kwamba watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Fikirini nyumba moja yenye watoto wawili wa mama mmoja. Aliyezaliwa 1904 ni mtu wa bwana, na mdogo wake wa 1906 ni mtu huru. Wanakula sahani moja. Walikaa hivyo mpaka Waingereza walipofuta utumwa Tanganyika mwaka 1922, yaani miaka 33 baada ya zile maki milioni 2.

Ndiyo maana wapo wazee ambao ukiwauliza asili yao hukutajia babu mmoja, wawili, kisha hubadilisha mazungumzo.

Ndugu Mwenyekiti, naona unatazama saa. Niko tayari kwa maswali.