Springi za Mbele, Bomba la Sindano na Kipande cha Plastiki: Vifaa vya Kubuni kwa Fundi wa Nyumbani

Pikipiki za njia mbovu huuzwa zikiwa na springi laini za mbele. Suzuki DR650SE, iliyoingia sokoni mwaka 1996, ni mfano unaojulikana: mpandaji mzito akishika breki, au akifunga mizigo ya safari, pua inazama karibu mpaka mwisho wa mwendo wake. Hali hiyo si ngeni kwa maofisa ugani wa Tanzania, ambao kwa miaka mingi wamepanda Honda XL na Yamaha DT kwenye barabara za vijijini. Dawa ni springi ngumu zaidi. Kinachokwamisha wengi ni vifaa maalumu, vyenye bei kubwa na visivyopatikana kila duka.

Kabla ya kubuni chochote, fundi ajiulize kifaa anachokikosa kina kazi gani. Kipo cha kupima, kipo cha kushikilia, na kipo cha kuzuia nguvu ya springi. Viwili vya kwanza vinabuniwa kwa vitu vya nyumbani bila wasiwasi. Cha tatu kinataka chuma.

Shokapu za DR650 ni za mtindo wa zamani: ndani mna ufito wenye matundu ya kupitisha oili, na springi imekaa juu yake, ikizuiwa na kifuniko. Kwa hiyo anayebadilisha springi peke yake hana haja ya kugusa bolti iliyo chini ya shokapu. Hili lisisitizwe, kwa kuwa watu hutafuta kifaa cha kushikia ufito kwa kazi isiyokihitaji kabisa. Bolti hiyo hufunguliwa pale sili zinapovuja, na hata hapo mpini wa ufagio uliochongwa ncha, ukigongwa taratibu hadi ukwame kwenye mdomo wa ufito, mara nyingi hutosha kuuzuia usizunguke.

Kazi inaanza juu. Gurudumu likiwa limeinuliwa na pikipiki imetegemezwa imara, bolti za kibano cha juu zilegezwe kwanza, kwa sababu kibano kikibana bomba huminya pia uzi wa kifuniko. Kifuniko nacho kilegezwe wakati kibano cha chini bado kimeshika shokapu. Ikishatolewa, hakuna mkono utakaoishika vizuri. Vifuniko vingine vina tundu la pembe sita la milimita 17. Asiye na spana yake achukue bolti ya M10 yenye kichwa cha milimita 17, aifunge nati mbili zinazobanana, aingize kichwa tunduni, kisha azungushe kwa spana ya kawaida.

Hapa ndipo pa kuwa macho. Springi ya kilo 0.48 kwa kila milimita, ikiwa imebanwa milimita 20, inasukuma kifuniko kwa karibu kilo 10. Uso ukae pembeni, miwani ivaliwe, na kiganja kikandamize kifuniko hadi uzi uishe.

Shokapu za kisasa zenye katriji ni ngumu zaidi, maana kifuniko kimefungwa kwenye ufito wenyewe. Springi lazima ishushwe ili bamba la chuma lenye mkato lipenyezwe chini ya nati inayokaza kifuniko hicho. Kuibana springi ileile milimita 40 zaidi kunaongeza kilo 19. Fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza pete yenye bolti mbili za kukamata kikombe cha springi, na mkanda wa ratcheti wa kufungia mizigo ukaivuta kuelekea chini. Kamba ya katani au bamba la mbao havifai hapa hata kidogo.

Kupima oili ndiko kunakopendeza. Springi ikiwa nje na shokapu imebanwa hadi mwisho, kina hupimwa kutoka mdomo wa bomba. Kitabu kikisema milimita 140, mrija mgumu uliounganishwa na bomba kubwa la sindano kwa kipande cha mpira wa dripu huwekewa alama ya utepe katika milimita 140. Oili hujazwa kupita kiasi, kisha hunyonywa hadi mrija uvute hewa. Pande zote mbili zinalingana bila kubahatisha.

Springi mpya ikiwa fupi, kipande cha bomba gumu la plastiki hujaza nafasi iliyobaki. Kikikatwa mshazari, washa italala upande. Karatasi iliyozungushwa bombani, kingo zake zikikutana sawasawa, inatoa mstari ulionyooka wa kufuata kwa msumeno; ncha zilainishwe kwa msasa na vumbi lioshwe, lisiingie kwenye oili.

Wakati wa kurudisha, kifuniko kizungushwe kwanza kinyume hadi uzi ukae, ndipo kikazwe kwa mkono. Bolti za kibano zikazwe kwa spana ya torki, hata kama ni ya kuazima, kwa kuwa alumini iliyokazwa kupita kiasi hupasuka. Baadaye utepe wa plastiki wa kufungia nyaya, ukivishwa kwenye bomba la ndani na kushushwa hadi kwenye sili kwa pikipiki ya aina hii, utaonyesha baada ya safari ya kwanza shokapu imebonyea kiasi gani.