Majibu ya Vipimo na Kuaminiana kwa Wanandoa: Ugonjwa wa Ngono Unathibitisha Nini?

Mjamzito anapoanza kliniki hapa Tanzania hupimwa Virusi vya UKIMWI na kaswende, na mwenzi wake hushauriwa aje apimwe pia. Kwa wanandoa wengi, hapo ndipo kipimo cha aina hii kinapoingia katika ndoa yao kwa mara ya kwanza. Ugonjwa ukionekana, swali la kwanza nyumbani huwa ni "Umeutoa wapi?", na swali la matibabu hufuata baadaye sana. Hoja yangu ni kwamba kipimo huonyesha kilichomo mwilini, lakini mara nyingi hakiwezi kusema kiliingia lini wala kimeletwa na nani. Kwa hiyo ni kosa kukifanya hakimu wa ndoa.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watu wa miaka 15 hadi 49 walipata maambukizi mapya milioni 374 ya kaswende, kisonono, klamidia na trikomona, na mengi ya maambukizi hayo hayana dalili. Klamidia inaweza kukaa kimya kwa miezi mingi. Kaswende, kidonda na vipele vyake vikishatoweka vyenyewe, hujificha kwa miaka. Isitoshe, kipimo cha haraka cha kaswende hutambua kingamwili ambazo kwa kawaida hubaki katika damu hata baada ya mtu kupona. Aliyetibiwa kabla ya ndoa anaweza kuonekana mgonjwa leo. Na pasipo na maabara, mhudumu hutibu kwa kufuata dalili. Mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni anaweza kupewa dawa za magonjwa ya ngono, kumbe ana fangasi tu. Ndoa inaweza kuvunjwa na ugonjwa ambao haukuwapo.

Wapo watakaosema kwamba maelezo haya yanampa msaliti mahali pa kujificha. Ni kweli kwamba si kila ambukizo ni la zamani. Mwanamume anayetokwa na usaha wa kisonono kwa kawaida ameambukizwa siku chache tu zilizopita, na wanandoa wana haki ya kuulizana. Lakini hata hapo kipimo hakisemi nani alianza, kwa kuwa mke anaweza kuwa na kisonono bila dalili yoyote, na yeye pia aliambukizwa na mtu fulani. Ukweli huo utatoka kinywani mwa mhusika, naye ni vigumu aseme iwapo hukumu imeshatolewa. Anayetaka ukweli ana sababu kubwa zaidi ya kutanguliza utulivu.

Pingamizi zito zaidi linahusu usalama. Mwanamke ndiye anayetangulia kupimwa, kwa sababu ya ujauzito, na anayetangulia kujulikana huitwa mleta ugonjwa. Wapo wanaopigwa na wanaofukuzwa. Kumwambia tu "kamwambie mumeo" ni kumtelekeza. Lakini kunyamaza nako kuna gharama: mwenzi asiyetibiwa humwambukiza tena aliyepona, na kaswende isiyotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni, ilhali ile ya hatua za mwanzo huponywa kwa dozi moja ya sindano ya penisilini. Utafiti wa Mwanza uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kuwa kuboresha tiba ya magonjwa ya ngono katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya Virusi vya UKIMWI kwa takriban asilimia 40. Muda unaopotea katika kutuhumiana ni muda wa hatari kwa wote wawili.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mhudumu aeleze mipaka ya kipimo kabla ya kutoa majibu, na amuulize mteja faraghani kama ana hofu ya kupigwa. Akiwa nayo, kituo ndicho kimwite mwenzi na kuwashauri pamoja. Pili, wenzi wote watibiwe na waache kujamiiana hadi wamalize dawa, au kwa siku 7 baada ya tiba ya dozi moja. Tatu, wazee, washenga na viongozi wa dini wanaoletewa shauri la namna hii wasilisikilize kabla wote wawili hawajapimwa na kutibiwa. Mwenzi aliyekubali kusema, kupimwa na kumeza dawa pamoja na mwenzake ametoa ushahidi wa nia yake ambao hakuna maabara inayoweza kuutoa, na mashauri ya ndoa yaanzie hapo.